Nyumba Ambayo Clifford Hakunywa Chai

Siku hizi ukipita Moorbank utadhani ni mtaa kama mitaa mingine yote ya Harthwaite. Milango ni ya plastiki, ya kila rangi, magari yamepanda mpaka kwenye bustani, na nusu ya nyumba zilishauzwa kwa wapangaji zamani. Haikuwa hivyo. Kuna wakati milango yote ilikuwa ya mbao, yote ya kijani, na karibu yote ilikuwa imepita mikononi mwa mtu mmoja, seremala wa halmashauri, Clifford Tordoff. Mwenyewe bado yupo, na akipita na mkongojo wake huihesabu ile iliyobaki. Mara ya mwisho alipata kumi na mmoja tu, akarudi nyumbani hana raha.

Aliingia Moorbank mwaka 1950, ana miaka saba, amekaa juu ya godoro kwenye mkokoteni wa muuza makaa ya mawe. Walikotoka, kule bondeni karibu na viwanda vya sufu, familia tisa zilitumia choo kimoja cha uani, na kuoga kulikuwa kwa beseni mbele ya meko, Ijumaa kwa Ijumaa, baba kwanza na watoto mwisho. Nyumba mpya ya halmashauri ilikuwa na bafu lake. Mama yake alifungua bomba la maji ya moto, akaweka mkono, akautoa, akauweka tena, kisha akakaa kwenye ukingo wa bafu akaanza kulia.

"Sasa unalia nini, mke wangu?" baba akamuuliza. "Maji si hayo yanatoka."

"Ndiyo maana nalia," akasema. "Niache kidogo."

Clifford hakusahau. Baadaye sana, watu walipoanza kuzisema vibaya nyumba za halmashauri na wanaokaa humo, yeye alikuwa hajibizani nao. Alikuwa anawatazama tu, anajua hawajaoga kwa beseni.

Masharti yalikuwepo, tena si haba. Ua wa miti usipite kiuno cha mtu mzima. Mlango usipakwe rangi yako. Kila Juni alikuja mkaguzi na daftari kutazama bustani, na mwenye bustani bora alipewa cheti ambacho watu walikitundika juu ya picha za harusi. Walinung'unika, na wakinung'unika walikuwa wanakata ua. Kwa maana kila mtu alijua kwamba ukishapewa nyumba pale umetulia, na kutoka kwako ni kwa jeneza. Ndivyo walivyoamini, na kwa miaka mingi ilikuwa kweli.

Clifford alipofika miaka kumi na mitano aliingia karakana ya halmashauri kujifunza useremala. Alifunzwa na mafundi wakali ambao walikuwa wakiona mbao imepigwa randa vibaya wanaivunja mbele yako na kukupa nyingine. Alitoka hapo fundi kamili. Kitasa kipya alikuwa anakitia kwa dakika ishirini, skrubu nne zimelala sawasawa, mbao haina mkwaruzo, na mlango ukifungwa unasikia mlio mmoja mdogo tu. Alikuwa mtu mpole asiyejisifu kwa lolote, isipokuwa vitasa.

Basi vitasa hivyo ndivyo vilivyomletea balaa. Kwa sababu halmashauri ikitaka kumtoa mpangaji, mwisho wa yote anaitwa seremala. Kwanza zinakuja barua, halafu notisi, halafu kesi mahakamani, halafu amri, halafu siku. Siku hiyo huja dalali wa mahakama na karatasi yake, na nyuma yake seremala na mfuko wa vyombo. Mpangaji anatoka, kitasa kinabadilishwa, dalali anatia sahihi, basi, upangaji umekufa na hakuna wa kuufufua. Lakini kabla ya sahihi hiyo, hata ikibaki dakika moja, mpangaji alikuwa na haki ya kukimbilia mahakamani kumwomba hakimu aizuie amri. Hakimu alianza kusikiliza saa nne asubuhi. Dalali alikuwa anafika mlangoni saa nne na nusu. Watu wengi wa Moorbank walipona katika mwanya huo mwembamba, na aliyeupanua ni Clifford, kwa kunywa chai.

Huko kwao ni hivi. Fundi akiingia nyumbani kwako, humwachi aanze kazi kabla hujamchemshia chai. Akiwa na kikombe mkononi, hakuna wa kumharakisha, awe bosi wake, awe dalali, awe nani. Kumwambia fundi aache chai yake ni utovu wa adabu ambao hata wakubwa wa halmashauri hawakuuthubutu. Ila nalo lina sharti lake: fundi haombi. Chai huletwa na mwenye nyumba kwa hiari yake, na fundi anayeomba, au anayetoa chupa yake ya chai mfukoni ndani ya nyumba ya watu, ni mtu asiye na malezi.

Kwa hiyo wake za watu wa Moorbank walijua la kufanya. Mume anakimbilia mahakamani, mke anabaki na birika. Kuna nyumba moja ya baba mwenye watoto watano ambako Clifford alikunywa vikombe vinne, akala biskuti saba, akaomba kwenda chooni mara mbili, akasifu keki ambayo haikuwa nzuri hata kidogo. Dalali, Bwana Lumb, alikuwa amekaa ngazini anatazama saa yake.

"Fundi, hicho kikombe hakina kitako?" Lumb akauliza.

"Chai ya moto hii, Bwana Lumb. Nikiungua ulimi utanifidia?"

Alikuwa anachovya biskuti ya saba pale mume alipoingia na zuio la hakimu, anahema. Clifford alisimama, akafuta mdomo, akashukuru kwa chai, akachukua mfuko wake akaondoka bila kugusa mlango. Watoto wale watano walikulia mle. Mmoja ni muuguzi sasa, na akimwona Clifford barabarani humuuliza kama amekunywa chai.

Mambo haya hayafichiki milele. Mwaka 1988, majira ya kuchipua, msimamizi wake, Bwana Sugden, alimwita karakanani mbele ya wenzake wote.

"Tordoff, nimehesabu. Mwaka huu kazi sita, mazuio manne. Dalali anasema unakunywa chai kama ng'ombe. Sasa nisikilize: ukifika, funga kitasa. Ukinichelewesha mara moja tu tena, usirudi hapa."

Harthwaite ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Viwanda vya sufu vilikuwa vimefungwa kimoja kimoja, na wanaume wa miaka arobaini na tano kama Clifford walikuwa wanashinda wameegemea kuta. Nyumbani alikuwa na mke, Enid, na watoto watatu, mdogo ana miaka tisa. Kufikia jioni mtaa mzima ulishajua alichoambiwa. Wiki iliyofuata akapewa karatasi ya kazi yenye jina la Olive Brearley.

Akaisoma mara mbili. Bi Olive alikuwa jirani yao tangu enzi za mkokoteni, msichana mkubwa aliyekuwa akimvusha barabara kwenda shule. Alikuwa amekaa nyumba namba kumi na tisa tangu aolewe, miaka thelathini na mmoja, na cheti cha bustani alikichukua mara nne. Mtu kama huyo anatolewaje?

Anatolewa kwa sababu ya njiwa. Mumewe, Walter, alikuwa anafuga njiwa wa mashindano, wale wanaoachiwa mbali washindane kuruka kurudi kwao, kwenye banda nyuma ya nyumba, kwa ruhusa ya ofisa mmoja wa zamani aliyeitikia kwa kichwa tu, hakuandika kitu. Walter alipofariki, njiwa wakabaki, na ofisi ikajaa watu wapya waliotaka maandishi. Jirani aliyehamia karibuni akalalamika kwamba wanamchafulia shuka zake kambani. Olive akaandikiwa awaondoe. Hakukataa, aliwapakia kwenye vikapu, akawapeleka kwa kaka yake, mji wa mbali, mabasi mawili. Aliporudi nyumbani alikuta njiwa wameshafika wametulia juu ya banda, wanamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Akawapeleka tena, wakarudi tena. Mkaguzi alipokuja akahesabu njiwa ishirini na wawili akaandika kwamba mpangaji amekaidi.

Kosa lake Olive lilikuwa la barua. Wazee wa pale barua ya serikali hawaifungui. Huiweka nyuma ya saa juu ya meko wakingoja mwanamume wa nyumba arudi kutoka kazini. Kwa miaka thelathini Olive alikuwa ameweka, na Walter alikuwa amefungua. Walter hayupo tena, na yeye akaendelea kuweka. Notisi ilikaa nyuma ya saa. Mwito wa mahakama ulikaa nyuma ya saa. Kesi ikasikilizwa hayupo, amri ikatolewa. Binti yake, Glenda, alizikuta zote siku alipokuja kufuta vumbi, zikiwa zimebaki siku nne mama yake atolewe.

Glenda hakulala usingizi wa maana. Alikwenda kwa mjomba wake, akahakikisha njiwa wamefungiwa kwenye banda la kuzalishia ambamo hawataruka tena, akachukua barua ya mjomba ya kuthibitisha hilo, imetiwa sahihi. Kilichobaki ni hakimu, Alhamisi, saa nne. Hakimu akiona barua ile angezuia amri, kila mtu alisema hivyo. Tatizo lilikuwa umbali. Mahakama ilikuwa katikati ya mji, foleni ndefu, na basi la kurudi Moorbank halikuja kwa kuitwa. Simu ya Olive ilikuwa imeshakatwa, na za mkononi hazikuwepo. Glenda alihitaji nusu saa zaidi ya ile aliyopewa.

Alhamisi hiyo Clifford aliamka mapema, na Enid alimtazama anavyovaa viatu.

"Utakunywa?" akamuuliza.

"Akinipa, nitakunywa."

Enid akachukua kisu cha mkate. Halafu akasema, "Basi kunywa," na akageuka kukata mkate wa watoto.

Saa nne na nusu, yeye na Lumb wakasimama mlangoni namba kumi na tisa. Olive akafungua amevaa koti lake la kanisani, kofia na glavu.

"Karibuni," akasema. "Futeni miguu."

Nao wakafuta. Ndani palikuwa pamesuguliwa, sakafu inang'aa, madirisha yameoshwa, mabomba ya jikoni yamefutwa kwa siki. Kila kitu kilikuwa kwenye maboksi, maboksi yamepangwa ukutani kwa ukubwa. Clifford akaweka mfuko wake chini taratibu. Akavua koti. Akatafuta pa kulitundika, akalikunja, akalikunjua. Olive alikuwa amesimama tu, mikono ameishika mbele.

"Kuna baridi leo, Bi Olive," Clifford akasema.

"Kuna baridi."

"Na hili vumbi la barabarani. Koo limenikauka kabisa."

"Pole."

Lumb akakohoa. Clifford akatazama jikoni, pale penye jiko. Olive akaona anapotazama.

"Birika nimelifunga," akasema. "Liko chini kabisa, boksi la mwisho."

Hakuna mwanamke wa pale anayefunga birika kwanza. Birika hufungwa mwisho wa yote, na kwenye nyumba mpya hufunguliwa kabla ya kitanda. Clifford hakuelewa. Akafikiri ni kiburi, kwamba hataki kuonekana anabembeleza. Kabla hajapata la kusema, Mavis wa nyumba ya pili akatokea mlangoni na sinia, buli limefunikwa, vikombe vitatu.

"Rudisha, Mavis," Olive akasema. "Fundi yuko kazini."

"Olive, maskini, kikombe kimoja tu."

"Nimesema rudisha. Hapa bado ni kwangu."

Mavis akasimama kidogo na sinia lake, kisha akageuka. Olive akamsogelea Clifford, akasema kwa sauti ya chini ambayo Lumb hakuisikia.

"Unadhani sisi hatukusikia alichokuambia Sugden? Una watoto watatu. Fanya kazi yako, Clifford."

"Na Glenda je?"

"Glenda akiwahi, amewahi."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba lile birika lilifungwa kwa ajili yake. Ninyi mnaosoma mnaweza kusema angefanya hivi au vile. Yeye alipiga magoti mbele ya mlango, mlango alioutundika mwenyewe mwaka 1961, akatoa bisibisi. Mikono yake ilikuwa imezoea. Kitasa cha zamani kikatoka, patasi ikapanua tundu kidogo, kipya kikaingia. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alijaribu ufunguo, ukazunguka bila tabu. Saa ya ukutani ilishafungwa boksini, lakini ya Lumb ilionyesha saa tano kasoro dakika tatu.

Lumb akatia sahihi karatasi ikiwa juu ya goti lake. Olive akatoka, akageuka, akainama kukitazama kitasa, akapitisha kidole cha glavu pembeni mwake.

"Hakuna hata mkwaruzo," akasema. "Kazi nzuri."

Saa tano na dakika kumi Glenda alishuka kwenye basi kona ya juu, akaja anakimbia, kiatu kimoja mkononi, karatasi mkono wa pili. Lumb akaipokea. Hakuwa mtu mbaya. Aliisoma yote, akairudia mwanzo, akatafuta kama kuna neno la kumsaidia.

"Pole sana, dada," akasema. "Hakimu amekukubalia. Ila nimeshatia sahihi, na baada ya hapo hii haina nguvu."

Glenda akatazama mlango, akatazama maboksi njiani, akamtazama Clifford.

"Leo umekunywa vikombe vingapi, Bwana Clifford?"

"Sikunywa," akasema.

Olive akaenda kukaa chumba cha nyuma kwa Glenda, baadaye akapata chumba kimoja kwenye jengo la wazee, ghorofa ya pili, pasipo na bustani. Namba kumi na tisa wakaingia watu wengine, wazuri tu, wenye mtoto mchanga. Clifford akabaki na kazi yake. Watoto wake wakasoma, wakavaa, wakakua. Na kila alipokutana na Olive sokoni au mbele ya kanisa, Olive alimsalimu kwa furaha, akauliza hali ya Enid, akataja watoto kwa majina. Clifford angetukanwa angepona. Salamu zile alizipokea miaka kumi na mitano, kila moja ikimchoma, na hakuwahi kumwambia mtu.

Alistaafu mwaka 2003. Wenzake wakamfanyia karamu ndogo karakanani: mikate ya nyama, soseji, bia, saa ya mkononi kwenye kisanduku. Sugden alikuwa ameshakwenda zake zamani. Walialikwa wazee wa Moorbank, na wakaja wengi, maana kila mmoja alikuwa na mlango. Walikula, wakakumbuka mkaguzi wa bustani na rula yake, wakakumbuka muuza makaa na farasi wake aliyejua nyumba zote, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakaanza kusimulia chai. Huyu alisema vikombe vinne, yule alisema sita na sahani nzima ya keki. Olive alikuwepo, miaka sabini na mitano, kofia ya zambarau, na mtu akamwuliza yeye alimpa vingapi.

"Mimi sikumpa hata kimoja," akasema. "Nilikuwa mchoyo."

Watu wakaangua kicheko. Clifford naye akacheka, kisha akaweka bia yake chini akatoka nje, kwenye varanda ya karakana, penye marundo ya mbao. Baada ya muda kidogo Olive akamfuata, polepole, ameshika ukuta.

"Watu wako wanakuulizia," akasema.

"Bi Olive," Clifford akasema. "Siku ile ningeweza kuangusha skrubu. Ningeweza kusema imepotea. Ningepekua sakafu nzima nusu saa, na Lumb asingesema kitu. Nilikuwa nazo nne mkononi. Nililifikiria kwenye ile ya tatu."

 Olive alikuwa anatazama mbao.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuambia ufanye kazi yako, na nilisema kweli, sitaki udhani nilikuwa naigiza. Lakini kila uliyoichukua nilikuwa naomba kimoyomoyo, jamani Clifford, angusha. Angusha hata moja."

Akamshika mkono, akaupapasa, na wakasimama hapo mpaka walipoitwa ndani.